Ukuta wa Nyuma ya Madhabahu

Kanisa letu la mtaa, kule Igurwa, tulilikandika katika kile kiangazi kifupi kinachofuata Krismasi, miaka michache baada ya vita vya Kagera, wakati sabuni ilikuwa bado ni kitu cha kusimuliana. Wanaume walikuwa wamekwisha kusimika nguzo, kufunga fito na kupigilia bati, wakashangiliwa. Iliyobaki, ya kubeba maji kutoka bondeni, kukanyaga udongo na kuupachika ukutani kwa viganja, ilikuwa kazi ya wanawake, na hiyo hakuna aliyeishangilia. Hatukununa. Mwanamke wa Karagwe akisubiri kushangiliwa ndipo afanye kazi, watu watalala njaa.

Ukuta uligawanywa kwa vitongoji, kila kitongoji na kipande chake, ili asije mtu akajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Ukuta wa mbele, ule wa nyuma ya madhabahu, tulipewa sisi kwa heshima ya mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya watu waliookoka pale mtaani. Kila Alhamisi walikusanyika, na mwenye jambo alisimama akalisema mbele ya wote, hata kama ni wivu tu juu ya mkungu wa ndizi wa jirani. Wakiisha kumsikia walimwimbia, wakamwombea, jambo likaisha. Huko waliita kutembea nuruni.

Mama mkwe alitembea nuruni bila pambo. Hakuvaa ushanga wala bangili, na khanga zake alichagua zile zenye maua machache. Hata vikapu alivyosuka vilikuwa vyeupe vitupu, havina mstari mmoja wa rangi, ijapokuwa vilikazwa kiasi kwamba uji usingepenya. Kitu kimoja kilinishangaza tangu nilipofika kwake: akisuka, hakutazama mikono yake. Alitazama pembeni.

Mimi nilizaliwa Bugomora, ambayo siku hizi iko wilaya ya Kyerwa. Wakati ule yote ilikuwa Karagwe tu. Wazazi wangu walivuka mto Kagera kutoka Rwanda wakiwa vijana, wakafanya vibarua katika mashamba ya watu hadi wakapata kishamba chao cha migomba. Mama hakuvuka na mali yoyote isipokuwa ujuzi mmoja: kupamba ukuta wa ndani kwa mavi ya ng'ombe. Nayataja kwa jina lake kwa sababu nimechoka na watu wanaozunguka mbuyu. Unachukua mavi ya ndama, unayachanganya na majivu mpaka harufu ife, kisha unayabandika ukutani na kuyainua kwa ncha za vidole yawe matuta membamba, yanayopanda na kushuka, yanayoachana na kurudiana. Yakikauka unayasugua kwa jiwe laini, ndipo unayapaka rangi: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi ya majivu ya maganda ya ndizi yaliyokorogwa na utomvu wa shubiri.

Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi na kunguni hawakututenga, lakini ukiingia ulijisikia umefika mahali. Baba alikuwa akirudi kibaruani amechoka, anakaa kuuelekea ukuta ule kitambo, halafu ndipo anaomba maji ya kunywa. Mama alituambia kwamba Mungu hushinda kutwa akizunguka dunia, lakini jioni hurudi kulala kwetu. Mimi niliamini kwamba akirudi anakaa pale pale alipokaa baba.

Basi nilipoolewa Igurwa na kukuta kuta za udongo uliolainishwa vizuri, na zaidi ya hapo hakuna kitu, nilingoja miezi ya ugeni ipite, kisha nikamwomba mama mkwe ruhusa ya kupamba sebule. Nilipiga magoti, kama inavyopasa.

"Mukaamwana," akaniambia, yaani mke wa mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote, "ukuta kazi yake ni kuzuia upepo."

Nikasema ndiyo Mama. Na vidole vikaanza kuniwasha.

Sijui nimweleze vipi hamu ile mtu asiyekuwa nayo. Haikuwa tamaa ya sifa; nani angenisifu? Ilikuwa kama maziwa ya mzazi yanavyojaa mtoto akiwa amelala: yanauma, wala hayaulizi kama una nafasi. Nikianika kahawa, reki yangu ilikwenda kwa mistari ya kupinda. Nikimenya ndizi, maganda yalijipanga yenyewe. Nilichora kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, na mama mkwe alipopita alifuta kwa unyayo, bila hasira na bila neno, akaendelea na safari yake. Mume wangu alicheka, akasema mkewe ana wadudu vidoleni. Alikuwa mtu mwema, lakini huwezi kumcheka mtu mwenye njaa ukadhani umemlisha.

Mwisho nilisimama Alhamisi moja nikasema kwamba nina hamu ya mapambo, na kwamba inaninyima usingizi. Waliniombea kwa machozi. Kwa siku mbili tatu nilikuwa mtulivu, nikadhani nimepona. Kisha mvua ikanyesha, nikasimama mlangoni nikaona jinsi maji yalivyojichorea njia kwenye udongo wa uani, nikajua sijapona hata kidogo. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hamu ile ilinijia kwa nguvu nikiwa katika sala. Lau ingenijia kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ningemjua baba yake. Ilinijia tukiwa kimya mbele za Mungu, nimefumba macho, na ndani ya macho matuta yakawa yanapanda na kushuka.

Ndivyo nilivyokuwa siku tulipotakiwa kumalizia ukuta wa madhabahu. Juma lile mama mkwe alishikwa na malaria. Alilala chini ya mablanketi mawili, akaniambia kwa meno yanayogongana: "Nendeni mkamalizie. Lainisheni vizuri, Bwana asiaibike."

Tukaenda, mimi na wanawake wanne wa kitongoji chetu. Udongo ulikuwa umekauka, ukuta mpana, mwanga wa asubuhi unaingia kwa dirisha ambalo lilikuwa bado halina ubao. Ilibaki kupaka lile tabaka la mwisho la mavi na majivu ili lizibe nyufa. Nilichovya mkono kwenye beseni nilainishe, kama nilivyoagizwa. Mkono haukulainisha. Vidole vilibana, tuta likainuka, likapanda, likageuka lilipotaka kugeuka.

"Mawe!" jirani yangu aliyekuwa karibu akapiga ukelele, yaani mama wee. "Unafanya nini wewe?"

"Sijui," nikamjibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Akatazama mlangoni, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Nilijua sasa anakwenda kumwita mtu. Badala yake akaniuliza kama nitahitaji majivu zaidi.

Tulifanya kazi ile hadi mwisho wa juma, wale wengine wakikanyaga na kukoroga, mimi nikiwa juu ya benchi. Wanaume walikuwa mashambani, hakuna aliyetufuatilia; ukuta ukikandikwa, nani anakwenda kuuangalia? Vilima vilianzia chini pande zote mbili, vikapanda kwa matuta vikielekeana, vikasimama kabla ya kugusana. Katikati niliacha mahali patupu, upana wa mtu aliyenyoosha mikono, kwa sababu pale sikuthubutu. Siku zile ndizo nilizosali vizuri kuliko zote maishani mwangu, ingawa sikumbuki kutamka ombi hata moja. Tulipaka rangi, mavi yakatuishia tukiwa tumebakiza pembe moja karibu na dirisha, tukasema tutaimalizia siku nyingine.

Jumapili mwinjilisti wetu aliingia na Biblia kwapani, akainua macho, akasahau kutusalimia. Aliendesha ibada yote akiwa amesimama upande upande, kama mtu anayeogopa kumgeuzia mgeni kisogo. Watu hawakusikia mahubiri. Walikuwa wakitazama.

Baada ya ibada wazee wa kanisa walikaa kikao. Mmoja alisema michoro ile ni ya nyumba za wafalme wa Rwanda. Wa pili alisema hapana, ni ya vibanda vya mizimu, aliviona utotoni Bweranyange. Wa tatu alisema shida si michoro, shida ni mavi: yatawekwaje mavi ya ng'ombe mahali patakatifu? Huyo alisema hayo miguu yake ikiwa juu ya sakafu iliyosiribwa kwa mavi yale yale, sakafu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipigia magoti saa moja iliyopita akiungama. Hawakukubaliana ni dhambi gani. Walikubaliana tu kwamba ni dhambi.

Hukumu ikawa kwamba nitengwe na Meza ya Bwana mpaka niukwangue ukuta ule kwa mkono wangu mwenyewe. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi na pikipiki moja, kwa hiyo ushirika ulitufikia mara chache sana kwa mwaka, na angekuja Pasaka. Aliyetengwa alibaki kwenye benchi wenzake wote wakienda mbele, na watoto wake wakimwangalia. Nilikuwa naipenda Meza ile. Nilipokuwa nikipokea kile kipande cha mkate nilijua kwamba hata mimi, binti wa vibarua kutoka ng'ambo ya mto, nina kiti. Sasa niliambiwa nichague kati ya kiti changu na kitu kilichotoka ndani kabisa ya kiti hicho. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Kwaresima ilianza, na jembe la kukwangulia lilikuwa limeegemea mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amepona. Alisikia yote, hakuniuliza neno, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko kikao cha wazee. Asubuhi moja nilichukua jembe. Naye akachukua fimbo yake.

"Nitakusindikiza," akasema.

Nilidhani anakuja kusimamia. Macho yake wakati ule yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akitembea alipapasa njia kwa fimbo, kwa hiyo tulikwenda polepole, na kila hatua nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwambia kama hamu ile si yake, basi aitoe, anayo mikono. Na kama ni yake, basi awaambie wazee wake.

Tulipofika akasimama mbele ya ukuta, akakaza macho, hakuona kitu cha maana isipokuwa wekundu na weupe. Akaniambia nimsogeze. Nikamshika kiwiko. Akaweka kiganja juu ya tuta la kwanza, na vidole vyake vikaanza kulifuata, kwenda juu, kugeuka, kushuka. Alikuwa mtu wa kugusa vitu kama anavihesabu. Matuta haya hakuyagusa hivyo.

"Hapa ulikuwa na haraka," akasema. Vidole vikaendelea. "Hapa umetulia." Vikapanda. "Hapa ulilia, au uliimba?"

"Niliimba, Mama."

Nikaweka jembe chini.

Alikaa kwenye benchi, akaniambia jambo ambalo mwanawe wa kumzaa hakulijua. Kabla ya kuokoka yeye ndiye aliyekuwa akisuka vikapu vya harusi, vile vyenye nyota na njia za siafu kwa rangi nyeusi na zambarau. Watu walitoka hadi Bweranyange kuja kuagiza. Siku alipookoka, mtu mmoja mkutanoni alimwambia hicho ni kiburi. Akarudi nyumbani akavikusanya vyote uani, akavitia moto.

"Viliwaka vizuri," akasema. "Nikatubu, wakaniimbia. Na tangu siku ile nimemwomba Bwana aniondolee hamu yake. Wivu aliuondoa. Hasira aliiondoa, wewe hukuikuta, ulibahatika. Chuki yangu juu ya mke mwenzangu, nayo aliiondoa, nikamwuguza kwa mikono hii hadi akafa. Hii moja hakuiondoa. Nikishika nyuzi naziona nyota, ndiyo maana natazama pembeni." Alinigeukia. "Mukaamwana, tunahubiri kwamba damu ya Yesu inaondoa dhambi yote. Basi kitu nimekitubu miaka yote hii na hakiondoki. Ama damu ina upungufu, ama kitu chenyewe si dhambi. Na damu haina upungufu."

Tulirudi nyumbani na jembe safi.

Alhamisi alisimama. Watu walitulia, maana yeye alikuwa hana dhambi nyingi zilizobaki, na akisimama walijua wataondoka na kitu. Akasema: "Wapendwa, naleta toba. Nilitubu kitu ambacho hakikuwa dhambi, nikamsingizia Mungu. Tunamwita Ruhanga, Muumbaji. Mnataka watoto wake wasifanane naye?" Kisha akakaa.

Hakuna aliyeanzisha wimbo, kwa sababu hakuna aliyejua ni wimbo gani unaofaa. Desturi ya waliookoka ni kwamba ushuhuda haubishiwi. Unaweza kumwombea mtu, huwezi kumpinga. Mwinjilisti alijikuna shingo kwa muda mrefu, akasema suala la ukuta ataliacha kwa mchungaji.

Mchungaji alifika Pasaka amelowa matope hadi magotini, pikipiki ilikuwa imemwangusha njiani. Alivaa kanzu yake, akasimama mbele ya ukuta, akautazama kwa utulivu huku wazee wakimnong'oneza kila mmoja dhambi yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, mtoto mapajani, moyo unapiga hadi mtoto akaniangalia. Mchungaji akageuka, akauliza nani kafanya. Nikasimama.

"Imekauka sawasawa?" akaniuliza.

"Imekauka, Mchungaji."

"Isije ikadondokea divai." Akapangusa tope kwenye mkono. "Haya, mama aje mezani na wenzake."

Ndivyo lilivyokwisha. Mimi niliyekuwa nimeandaa hoja kutoka Mwanzo hadi Ufunuo sikupata nafasi ya kuitumia hata moja. Yule mzee wa mavi hakuridhika; tangu siku ile alikaa benchi la pembeni akiangalia dirisha, hadi Mungu alipomchukua. Huko alikokwenda natumaini amekuta kuta za kumfaa. Mahali pale patupu katikati palitundikwa msalaba wa mbao, na ulienea.

Watu walipotawanyika, mama mkwe hakutoka. Nilimkuta amesimama tena ukutani, kiganja kwenye matuta, na machozi yanamtiririka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye kaburi la mumewe.

"Vikapu vile," akasema. "Akiniuliza viko wapi, nitamwambia nini?"

Juma lililofuata nilikoroga beseni la mavi na majivu, nikalibeba hadi kanisani pamoja na mama mkwe, nikampeleka kwenye ile pembe ya dirishani tuliyoiacha.

Alianza kwa woga, kidole kimoja. Halafu vikaja vyote. Alitengeneza nyota za vikapu, kwa matuta badala ya nyuzi, bila kuona anachofanya, uso ameuelekeza moja kwa moja mikononi. Zilitoka kombo. Nyingine zilikuwa na mguu mmoja mrefu, nyingine ziligongana. Kazi ile ilimchukua hadi maharage yakavunwa, kwa sababu hakutaka kuharakishwa, na siku nyingine tulikwenda, akapapasa tu zile za jana, tukarudi. Njiani aliimba. Nilikuwa nimeishi naye miaka, nikadhani namjua.

Alikufa kabla ya kanisa jipya. Miaka ya tisini watu waliongezeka, wakimbizi walifurika wilayani kutoka kule walikotoka wazazi wangu, mtaa ukawa usharika, na tukachoma matofali ya kujengea kanisa kubwa lenye sakafu ya saruji. Lile la udongo lilikuwa limechoka, mchwa wameingia kwenye nguzo. Vijana walipokuja na kamba kulivuta, mwinjilisti, ambaye naye alikuwa amezeeka, alinijia kwa upole akaniuliza kama nitaumia. Nilimwambia hapana, na sikusema uongo. Matuta yangu yalikuwa yamekaa mbele ya watu muda wa kutosha. Udongo ni udongo.

Niliomba kitu kimoja tu, wanipishe kwanza nikate ile pembe. Nilikwenda na panga, nikapasua taratibu kuizunguka, huku nikikinga mkono kwa chini kama unavyompokea mtoto. Ilitoka nzima. Nilikuwa nayo mikononi, nyota zote za kombo, kwa muda wa kuvuta pumzi labda mara mbili, kisha ikakatika katikati, na vipande navyo vikakatika, vikawa mavumbi kwenye miguu yangu. Vijana waligeuka wakajifanya wanafunga kamba.

Nilikusanya kila nilichoweza kwa viganja. Nilifika nyumbani na beseni la vumbi lenye chembe nyekundu na nyeupe. Mume wangu alilitazama, akajua ni nini, akaniuliza kwa sauti ndogo tulifukie wapi. Nilimimina maji kidogo kidogo, nikaongeza mavi mabichi ya ndama, nikapiga magoti, nikaanza kukanda.